Senti Hamsini za Tsai-yun

Kwa miaka thelathini na miwili Liao Tsai-yun alikuwa akikata kuku katika soko la asubuhi la Yuanlin, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuzia kitu bila kuulizwa kwanza kimetoka wapi. Mletaji wa kuku alikuwa amezoea kuulizwa kuku wamelala njiani saa ngapi na wamekunywa maji mara ngapi, maana kuku aliyekunywa maji mengi anapanda mizani kwa uzito usiolika. Muuza barafu aliulizwa barafu imetengenezwa jana au juzi. Kwa hiyo Jumanne ile, Chin-feng alipovuta kigoda akaketi nyuma ya meza ya kukatia, alikuwa amekuja na majibu yake tayari, ameyapanga kichwani kama mtu anayekwenda kuonana na mkwe.

Chin-feng alikuwa ameuza nguruwe meza nne kutoka hapo, miaka ishirini na sita. Mwaka mmoja na nusu uliopita alisafisha shoka lake la mifupa, akalifunga kwenye gazeti, akatangaza kwamba amestaafu. Tangu siku hiyo alikuwa anakuja sokoni kama mteja, nywele zimekunjwa saluni, mkononi kikombe cha maziwa ya soya.

"We Tsai-yun, mkono huo bado hujautupa tu?"

"Nikiutupa nitakatia nini? Ulimi wako? Kweli, huo una makali."

"Cheka. Daktari alikwambiaje?"

Tsai-yun aligeuza kuku, akatafuta kiungo cha paja kwa kidole gumba, akashusha kisu. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: mshipa wa kiganja umebanwa, aache kukata kabla ya mwaka mpya, la sivyo vidole vitatu vya mkono wa kulia vitaacha kusikia kabisa. Na huu ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Alikuwa na miaka sitini na moja, mjane, na binti mmoja Taoyuan mwenye mkopo wake wa nyumba na watoto wake wawili. Meza hii ilimpa dola elfu thelathini na tano kwa mwezi, dola za Taiwan, akishalipa barafu na ushuru. Akiiacha, hana kingine isipokuwa milioni moja na laki mbili zilizolala posta, na nyumba ya ghorofa tatu aliyoilipia kuku kwa kuku.

"Ijumaa," Chin-feng alisema. "Saa nane na nusu mchana. Nimeshaongea na Bwana Hsieh wa benki, yule yule aliyenishughulikia mimi. Njoo na hati ya nyumba, kitambulisho na muhuri wako. Nyumba yako wanaikopesha milioni nne bila kukohoa. Riba asilimia mbili nukta nne. Hizo milioni nne unanunua ule mfuko. Mfuko unakupa asilimia kumi. Unawalipa benki yao, inayobaki ni yako. Unakaa nyumbani unatazama tamthilia."

"Mfuko gani huo unaotoa kumi?"

Chin-feng akasogeza kigoda. Hapo ndipo alipokuwa amejiandaa zaidi. Akaeleza kwamba mfuko ule unanunua hisa za kampuni hamsini, zile zenye mazoea ya kugawa faida nono: benki, saruji, kompyuta, meli. Wewe hununui kampuni moja moja ukakesha na wasiwasi. Unanunua kipande cha mfuko, sokoni, kama hisa yoyote, na ukikichoka unakiuza siku hiyo hiyo. Kampuni zikigawa faida, mfuko unakusanya, na kila miezi mitatu unakugawia. Kipande kimoja dola ishirini. Gawio lililotangazwa safari hii, senti hamsini.

Kisu cha Tsai-yun kilisimama hewani. Senti hamsini mara nne kwa mwaka ni dola mbili, kwa kila ishirini. Kumi kweli. Posta walikuwa wanampa moja na nusu, tena kwa kumbania.

"Na hizo senti hamsini zinatoka wapi?"

"Kwenye kampuni! Nimekwambia sasa hivi."

"Kampuni zote hamsini zinagawa asilimia kumi?"

"We mwanamke, unauliza kama askari wa barabarani. Mimi napokea mwaka wa pili huu. Laki nzima kila miezi mitatu. Kwani nimewahi kukuuliza kuku wako wamesoma shule gani?"

Mama mmoja aliyekuwa anangoja mabawa yake akacheka. Tsai-yun naye akacheka, lakini swali lilibaki limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Lilikuwa na historia. Ujanani alicheza upatu kama wanawake wote wa soko hili, ule wa kupigania zamu kwa dau, na kiongozi wao, mwanamke mpole aliyeuza vitambaa, siku moja hakufungua kibanda. Aliondoka na laki moja na elfu themanini za Tsai-yun. Tangu hapo hakuwa mwoga wa fedha; alikuwa mdadisi tu. Alitaka aonyeshwe nani ameweka na nani amechukua.

"Hebu onja kwanza," Chin-feng alisema akiinuka. "Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kununua ukapata gawio hili. Nunua fungu moja, vipande elfu moja, elfu ishirini basi. Keshokutwa tayari una mia tano zako. Ukinunua keshokutwa, umekosa."

Hilo Tsai-yun alilielewa vizuri. Kuonja alikuwa anajua.

*

Jumatano alifunga saa sita, akanawa harufu ya kuku mpaka kwenye viwiko, akaenda kwenye ukumbi wa dalali wa hisa nyuma ya kituo cha treni. Akaunti alikuwa nayo. Binti yake alimfungulia miaka sita nyuma, na haikuwahi kuguswa.

Ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki safu nne, na ukuta mzima wa namba, nyekundu zilizopanda na kijani zilizoshuka. Wastaafu walikuwa wamekaa humo na chupa zao za chai na chakula cha mchana kwenye visanduku, wengine wamevua ndala, maana kiyoyozi cha dalali ni cha bure. Mzee Tu, aliyekuwa postamasta, alikuwa anabangua mbegu za tikiti na kuyaweka maganda ndani ya kofia yake.

Kaunta ilikuwa ya Bi Ko, mwanamke wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kichwani.

"Fungu moja, Shangazi? Dola ishirini kamili. Na dola ishirini za udalali."

"Nipunguzie."

"Shangazi, hiyo bei ni ya kompyuta. Kompyuta haina shida na njaa."

"Basi fungu moja, na mbegu za bure za Mzee Tu."

Akapata fungu moja. Mbegu hakupewa.

Alhamisi alirudi saa sita na nusu kuangalia mia tano zake. Akasimama mbele ya ukuta, akatafuta namba ya mfuko wake, akaiona. Dola kumi na tisa na senti hamsini.

Alitazama tena, pengine safu ilikuwa nyingine. Ilikuwa ile ile. Akaenda kaunta.

"Bi Ko, jana nimenunua ishirini. Leo kumi na tisa na nusu. Nimeibiwa au nimepewa?"

"Vyote viwili, Shangazi. Leo ndiyo siku ya kukata gawio. Senti hamsini zinatoka kwenye bei, zinaingia kwenye akaunti yako. Zitafika baada ya wiki nne."

"Kwa hiyo nimelipa elfu ishirini, sasa nina kumi na tisa na mia tano, na mia tano ziko njiani."

"Ndiyo."

"Na dola ishirini zako hazirudi."

"Hizo hazirudi."

Nyuma yake ukumbi ukaangua kicheko cha kirafiki, kile wanachochekwa wageni wote. "Mwache bwana," Mzee Tu alisema bila kuinua macho. "Bei itajijaza. Siku mbili tatu, inarudi ishirini. Ikijijaza, zile mia tano ndiyo zako kweli."

"Na isipojijaza?"

Mzee Tu akatema ganda. "Isipojijaza unakaa hapa na sisi."

Tsai-yun akaketi. Hakukasirika. Kilichomshika kilikuwa hamu, ile ile inayomshika mtu anapoona mizani inasoma kitu ambacho macho yake hayakioni. Alikuwa amepewa hela yake mwenyewe na kuambiwa ni zawadi. Lakini Chin-feng naye hakuwa mwongo. Laki zake zilikuwa zinaingia, na nywele zake za saluni zilikuwa ushahidi. Basi kuna mahali bei ilikuwa inajijaza. Kwa nini ijijaze? Nani anaijaza?

Aliuliza safu ya kwanza yote. Mmoja alisema ni desturi. Mwingine alisema ni wageni wanaoingia. Wa tatu, mama mwenye kisanduku cha wali na yai, alimwambia amwachie ale.

*

Jibu lake, au nusu yake, lilikuja Ijumaa asubuhi juu ya meza yake mwenyewe.

Mletaji alikuwa amemletea kuku wanne wa mayai waliozeeka. Hao wateja huwagombea, kwa sababu tumboni mara nyingi hubaki na mayai yasiyokomaa, viini vitupu vya manjano vilivyofuatana, kikubwa mbele, vidogo nyuma mpaka vya saizi ya punje. Vikitiwa kwenye supu ya tangawizi na mafuta ya ufuta, mzazi aliyetoka kujifungua hunywa mpaka chini. Mama mmoja mwenye toroli la kitambaa la sokoni, mkaza mwanawe kajifungua Jumapili, alikuwa amemshika kuku mnono kuliko wote.

"Huyu nipimie bila mayai. Mayai nitolee pembeni, nitayachukua kama nyongeza."

"Nyongeza ya nini?"

"Ya ukarimu wako."

"Dada, sikiliza. Kuku huyu ni kilo mbili na robo na mayai yakiwa ndani. Nikiyatoa anakuwa kilo mbili na gramu mia moja. Hayo ya pembeni hayakuanguka kutoka mbinguni, yametoka humu humu. Ukitaka kuku bei ya kuku na mayai ya bure, unataka kuku wangu wa jana aliyekosa mteja."

"Nyote hapa mnajua kusema."

"Na wewe unajua kuomba. Lipa kilo mbili na robo, nakupa miguu miwili zaidi."

Wakacheka wote wawili, mama akalipa. Lakini kabla ya kumfungia, Tsai-yun alibaki ameshika kile kichane cha viini mkononi, akakiweka juu ya mizani peke yake, kama vile hajawahi kukipima. Gramu mia na hamsini. Akamweka kuku. Kilo mbili na mia moja. Mizani haikupoteza hata gramu moja.

Senti hamsini zilikuwa yai. Zimetoka, kuku kapungua. Kwa hiyo swali si yai lina uzito gani. Kila mtu anaweza kulipima yai. Swali ni kuku anakula nini, na je, anarudia uzito wake kabla ya yai linalofuata. Kuku mzuri anajirudisha: anapewa pumba, anazalisha. Kuku mwingine anataga kwa kula mwili wake mwenyewe, na Tsai-yun alishawafungua wengi wa aina hiyo, kidari kama kisu, mifupa laini kama karatasi, halafu mletaji anakuapia kwamba wiki iliyopita alikuwa anataga kila siku.

Alifunga meza saa tano na nusu. Alimwachia jirani kuku watatu kwa bei ambayo siku nyingine angeona aibu kuitaja.

"Bi Ko," alisema akiwa bado anahema, hati ya nyumba imo ndani ya mkoba wa kununulia mboga. "Sitaki kununua. Nataka karatasi. Hawa wenye mfuko, wanaandika mahali zile senti hamsini zimetokana na nini?"

Bi Ko akashusha miwani ya kichwani, akawa na miwili machoni. "Wanaandika. Miaka mitano niko kaunta hii, Shangazi, wewe ni wa pili kuiomba."

"Wa kwanza nani?"

"Mkaguzi."

Akaitoa kwenye mashine ya kuchapa. Ilikuwa nusu ukurasa. Tsai-yun alivuta kidole chini ya mistari taratibu. Senti ishirini na moja: faida zilizogawiwa na kampuni zenyewe. Senti kumi na tatu: hisa zilizopanda, mfuko ukaziuza. Senti kumi na sita: akiba ya kusawazisha gawio.

"Hii ya kwanza naielewa, hilo ni yai. Ya pili pia, ni kuku wamenenepa wakauza mmoja, mwaka wa soko bovu hayupo wa kuuza. Hii ya tatu ni nini?"

Bi Ko akaeleza bila kupunguza sauti, na hilo Tsai-yun alilipenda. Watu wapya wakiingia kwa wingi kabla ya gawio, wanakuja kugawana faida ambayo hawakuisubiri, na wa zamani wangeambulia kidogo. Kwa hiyo mfuko unachukua sehemu ya hela ya kila anayeingia, unaiweka pembeni, na siku ya gawio inachanganywa ndani, ili kila kipande kipate sawa. Sheria inaruhusu. Imeandikwa kwenye kitabu cha mfuko.

"Mimi nimeingia juzi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hapa ndani kuna hela yangu mwenyewe mnanirudishia, mmeifunga karatasi nyekundu kama zawadi."

"Si sisi, Shangazi, ni wao. Na ni sehemu tu."

"Senti kumi na sita."

"Safari hii. Wakija wengi inapanda. Wasipokuja, inaisha."

Mzee Tu alikuwa amesogea, kofia ya maganda mkononi. "Kwa hiyo ni utapeli?"

"Utapeli gani, Mzee?" Tsai-yun alimjibu akiikunja karatasi. "Wameandika kila kitu. Kama hukusoma ni shauri lako na mbegu zako."

*

Benki ilikuwa mtaa wa pili. Chin-feng alikuwa amefika mapema, amevaa blauzi ya maua, amekaa mbele ya meza ya Bwana Hsieh kama mshenga. Bwana Hsieh alikuwa mtu wa adabu, tai nyembamba, fomu zimepangwa, na mahali pa kugonga muhuri pamewekwa alama ya penseli, sehemu saba.

Tsai-yun akatoa hati. Akatoa kitambulisho. Akatoa kile kipochi chekundu chenye muhuri wa jina lake, wa pembe, aliokatiwa mwaka alioolewa. Akakiweka juu ya meza. Hakukifungua.

"Bwana Hsieh, nikuulize swali. Nalipa kiasi gani?"

"Miaka miwili ya mwanzo riba tu, Shangazi. Elfu nane kwa mwezi."

"Elfu ishirini na nne kila miezi mitatu. Na mfuko unakupa laki. Umeona?" Chin-feng alimgusa bega.

"Baada ya miaka miwili?"

"Hapo unaanza kurejesha na mkopo wenyewe. Kama elfu ishirini na tatu kwa mwezi."

"Elfu sitini na tisa kila miezi mitatu. Miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

Tsai-yun akaigeuza karatasi ya Bi Ko, akaomba penseli. Alihesabu kwa sauti, kama anavyohesabia wateja, ili asije mtu akasema baadaye hakusikia. Milioni nne ni vipande laki mbili. Kwa senti hamsini, laki moja, sawa. Lakini tuseme wageni wamekoma kuingia, toa kumi na sita. Tuseme soko limenuna, hakuna cha kuuza kwa faida, toa kumi na tatu. Inabaki ishirini na moja, yai lenyewe. Elfu arobaini na mbili. Leo benki inataka ishirini na nne, anabaki na kumi na nane, yaani elfu sita kwa mwezi. Miaka miwili ikipita benki inataka sitini na tisa.

"Hapo mimi ndiye ninayewalipa ninyi elfu ishirini na saba, kila miezi mitatu, kutoka wapi? Kutoka kwenye mkono ambao daktari kaniambia niupumzishe. Au niuze vipande. Na siku hiyo bei itakuwa ngapi?"

"Hiyo sisi hatuiangalii, Shangazi," Bwana Hsieh alisema kwa upole wa kweli. "Sisi tunaangalia nyumba. Nyumba yako ni nzuri."

"Najua ni nzuri. Ndiyo maana unanitabasamia."

"Tsai-yun!" Chin-feng aliinama sikioni mwake. "Unanitia aibu. Mimi nimefanya, nimekufa? Unahesabu mabaya tu. Mwaka huu mfuko umepanda!"

"Nimehesabu mazuri Jumanne, mwenzangu, ulinihesabia wewe. Leo zamu ya mabaya."

"Na mkono?"

Swali lilikuwa la haki. Tsai-yun alijaribu kukunja vidole vya kulia chini ya meza; viwili vikaja, cha tatu kikachelewa. Kama angegonga muhuri mara saba, kesho asingeshika kisu, na kwa miaka miwili angeishi kama Chin-feng. Miaka miwili si kitu kidogo kwa mkono.

Akakichukua kile kipochi, akakirudisha ndani ya mkoba wa mboga.

"Nitautafutia bei nyingine," alisema.

Chin-feng hakuongea naye mpaka sherehe za mwaka mpya zikapita.

*

Alichofanya hakikuwa na ushujaa. Alimwambia mletaji amletee kuku wa siku za kazi wakiwa wamekatwa tayari, wakagombana juu ya bei siku tatu, wakakubaliana nyongeza ya dola nane kwa kuku. Wateja walinung'unika, kisha wakazoea. Jumamosi na Jumapili hapakuwa na njia: siku hizo watu wanataka kuku akatwe mbele ya macho yao, mkubwa huyu, mdogo yule, na ndizo siku zinazoleta nusu ya hela. Hizo alizikata mwenyewe, usiku akauloweka mkono maji ya moto, na mkono ukazidi kumwambia yale ya daktari.

Fedha za posta alizigusa zaidi ya nusu, kidogo kidogo. Alinunua siku ambazo ukuta wa namba ulikuwa wa kijani na ukumbi umenyamaza kama matanga, na hakununua hata mara moja siku ya mwisho kabla ya gawio. Kila karatasi ya nusu ukurasa ilipotoka, Bi Ko alimwekea. Mzee Tu alianza kuiomba pia, akijidai ni ya kufungia mbegu. Mwezi wa nne soko zima lilianguka. Kipande kikauzwa dola kumi na sita, na watu waliokuwa wanavua ndala ukumbini wakaacha kuja. Tsai-yun alikaa mbele ya ukuta na hamu ile ile, akisubiri kuona gawio litakuwa ngapi. Likatangazwa senti thelathini na sita. Akasoma: ishirini za kampuni. Yai lilikuwa limepungua senti moja tu. Vilivyoondoka ni vile vingine. Siku hiyo alinunua mafungu kumi, akafikisha arobaini. Alipiga hesabu: elfu kumi na nne na mia nne kila miezi mitatu, yaani elfu nne na mia nane kwa mwezi. Haimstaafishi mtu. Inatosha kununua mkono wa mtu mwingine, saa tatu kila Jumamosi na saa tatu kila Jumapili.

Akaandika tangazo kwenye kipande cha boksi, akalitundika juu ya mizani.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, kabla jua halijakolea, alimkuta mtu amesimama mbele ya tangazo lile, chini ya kwapa ana kitu kirefu kilichofungwa gazeti. Nywele zilikuwa zimenyooka.

"Unalipa ngapi kwa saa?" Chin-feng aliuliza bila salamu.

"Zako zimeshaanza, eti? Zile elfu ishirini na tatu."

"Mwezi huu." Chin-feng alikuwa anasoma boksi kama vile lina maneno mengi. "Wamenipa sabini na mbili, benki kwa miezi hiyo mitatu watachukua sitini na tisa. Haya, cheka."

"Elfu tatu kwa miezi mitatu. Maziwa ya soya yanatosha."

"Nimekuuliza unalipa ngapi."

"Mia na tisini. Ndiyo kima cha chini cha serikali."

"Mia mbili na hamsini. Mimi nimekata nguruwe miaka ishirini na sita, nitakata hivi vindege vyako nimefumba macho."

"Usifumbe, wateja wanahesabu vidole. Mia na tisini na tano."

"Mia mbili na kumi, na firigisi."

"Firigisi zina mteja wake. Mia mbili, chai juu yangu. Na mayai ya tumboni yote yanapimwa ndani ya kuku, hakuna nyongeza kwa shoga zako."

Chin-feng alitazama ile meza, kisha akamtazama Tsai-yun mkono wa kulia. "Na hiyo mia mbili unaitoa wapi wewe? Kuku wamepanda bei?"

"Kwenye mfuko wako ule ulionionjesha," Tsai-yun alisema. "Saa sita kwa wiki, wiki nne kwa mwezi, inatosha mpaka senti. Kama wakipunguza tena, nakukata saa moja, nakwambia mapema."

Chin-feng akalitupa gazeti chini ya meza. Shoka lilikuwa halina kutu. Alikuwa amelipaka mafuta miaka yote ile miwili. Akajaribu makali kwa kucha, akavuta kuku wa kwanza, akauliza mteja wa kwanza anataka vipande vikubwa au vidogo. Tsai-yun akasogea upande wa mizani na kuanza kupokea hela kwa mkono wa kushoto.